Dodgers wa 2024: Usajili Ulioandikwa kwa Mapengo

Tumezoea kusoma usajili kama tusomavyo stakabadhi ya dukani: nani kaingia, nani katoka, na fedha kiasi gani zimemwagwa. Kwa usomaji huo, majira ya usajili ya klabu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers kati ya msimu wa 2023 na wa 2024 huishia haraka kwenye hesabu mbili, yaani Shohei Ohtani kwa dola milioni 700 katika miaka 10 na Yoshinobu Yamamoto kwa milioni 325 katika miaka 12, na mjadala ukafungwa. Napendekeza tukisome kikosi kile kama matini iliyopita mikononi mwa mhariri, yenye vifungu vilivyofutwa, vilivyochopekwa na vilivyohamishwa, kisha tuulize: ni kosa gani lililokuwa likisahihishwa?

Kosa lenyewe lilikuwa la kimuundo. Mwaka 2023 Dodgers walishinda mechi 100 kati ya 162, kisha wakang'olewa katika mchujo na Arizona Diamondbacks kwa mechi 3 bila jibu. Katika mechi ya kwanza, Clayton Kershaw alipumzishwa akiwa ametoa mpigaji mmoja tu, na mikimbio 6 imeshaandikwa dhidi yake. Katika ya tatu, Lance Lynn aliruhusu mipira 4 kupigwa nje ya uwanja ndani ya awamu moja. Warushaji watatu walioanza mechi hizo, ukijumlisha kazi yao yote, hawakufikisha awamu 5, ilhali mechi moja tu ina awamu 9. Upande wa upigaji, Mookie Betts na Freddie Freeman, waliofungua safu, walipata pigo salama 1 katika majaribio 21. Msimu wa kawaida ni utenzi, ambamo ubeti mmoja uliolegea humezwa na mamia ya beti zinazoufuata. Mchujo wa Oktoba ni shairi fupi: ubeti wa kwanza ukivunjika, hakuna nafasi ya kutosha kuurekebisha. Dodgers walikuwa watunzi wa tenzi waliokuwa wakishindwa katika mashairi mafupi, kwani mwaka 2022 pia walishinda mechi 111 na kutolewa mapema vilevile.

Uchopekaji wa kwanza, basi, ulielekezwa mahali pa kosa. Tyler Glasnow aliletwa kutoka Tampa Bay Rays kwa kubadilishana wachezaji, na Yamamoto akaletwa kutoka Orix Buffaloes ya Japani. Tazama jinsi vipengele hivi viwili vinavyofanana kwa udhaifu wao: Glasnow hakuwa amewahi kurusha zaidi ya awamu 120 katika msimu mmoja wa ligi kuu, na Yamamoto hakuwa amerusha hata mpira mmoja katika ligi hiyo. Anayeandika utenzi angewakwepa, kwa sababu utenzi hudai ustahimilivu. Anayeandika shairi fupi huwathamini, kwa sababu anachotafuta ni mtu wa kutawala usiku mmoja. Kwa uteuzi huo tu, mhariri ameshatuonyesha mwezi anaouandikia.

Kitovu cha matini, hata hivyo, ni pengo. Ohtani hurusha na hupiga, na sifa yake yote imejengwa juu ya uwili huo. Lakini alipasuliwa kiwiko Septemba 2023, hivyo ilijulikana tangu siku ya kusaini kwamba mwaka 2024 hatarusha. Klabu ilimweka katika nafasi ya mpigaji mteule, yule apigaye bila kulinda uwanja, iliyoachwa na J.D. Martinez, na kuiacha nusu ya pili ya kazi yake kama nukta za mdokezo. Mkataba wake nao umenyambuliwa katika wakati ujao. Kati ya dola milioni 70 za kila mwaka, milioni 2 tu hulipwa anapocheza. Milioni 68 zimeahirishwa, bila riba, zilipwe kuanzia 2034 hadi 2043. Kwa uahirisho huo, kodi ambayo ligi huwatoza waliovuka kiwango cha mishahara iliupima mkataba kwa karibu milioni 46 kwa mwaka. Umbo limefanya kazi ya maana hapa: kile kilichosogezwa mbele ndicho kilichoacha nafasi ya kuandika majina mengine leo.

Ufundi wa juu zaidi umo katika mpangilio wa wapigaji. Safu ya wapigaji tisa ina tabia ya pindu, shairi ambalo mkia wa ubeti huzaa kichwa cha ubeti unaofuata: pale awamu inapokatikia ndipo inayofuata inapoanzia, na safu haianzi upya mpaka wa tisa amalize. Dodgers walianza msimu na Betts, Ohtani, kisha Freeman, wote wakiwa wameshatunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Uzito wao haufichi dosari ndogo. Ohtani na Freeman hupiga kwa upande wa kushoto, na kufuatana kwao kunampa kocha wa wapinzani mwanya wa kumwingiza mrushaji wa akiba wa mkono wa kushoto, anayewasumbua wapigaji wa aina hiyo, na kupata faida mara mbili mfululizo. Juni, Betts alivunjika kiganja kwa kugongwa na mpira, na Ohtani akapandishwa nafasi ya kwanza. Betts aliporudi Agosti aliwekwa ya pili: kushoto, kulia, kushoto. Na kwa kuwa tangu 2020 kanuni humtaka mrushaji aingiaye akabili angalau wapigaji watatu, isipokuwa awamu ikiisha, sasa mrushaji yuleyule wa kushoto alilazimika kupita kwa Betts kabla ya kumfikia Freeman. Ajali ndiyo iliyopanga vina, lakini vipande vinavyokubali kupangwa upya vilikuwa vimeshaandikwa. Betts mwenyewe ni mfano: kutoka uwanja wa kulia alihamishiwa besi ya pili, kisha kati ya besi ya pili na ya tatu, kisha akarejeshwa alikotoka, na safu haikupoteza mantiki yake.

Je, matini ilitimiza ilichoahidi? Machi 21, 2024, mjini Seoul, Yamamoto alirusha awamu 1 tu dhidi ya San Diego Padres na kuruhusu mikimbio 5. Ungedhani Kershaw wa Oktoba iliyopita amerudi kwa jina jingine. Oktoba 11, dhidi ya Padres haohao, katika mechi ya tano iliyokuwa ya mwisho kwa atakayeshindwa, alirusha awamu 5 bila mkimbio hata mmoja. Dodgers walishinda 2–0, mkimbio wa pili ukitoka kwa Teoscar Hernández, aliyesajiliwa majira yaleyale kwa mwaka mmoja tu, na safari ikaishia kwenye ubingwa mbele ya Yankees. Ila msomaji makini asifumbie macho upande wa pili: Glasnow aliumia kiwiko Agosti na hakucheza mchujo, na nafasi yake ilijazwa na Jack Flaherty, jina lililoongezwa Julai, nje kabisa ya matini tunayoisoma. Sioni hapo kasoro ya utunzi. Mhariri aliyetegemea viwiko vilivyokwisha kuuguzwa alijua kwamba baadhi ya mishororo itakatika, akaacha pambizo pana ya kuiandikia upya.