Sifa ya Sanduku Tupu

Gari lipitapo njiani likitikisa vioo vya madirisha, wenye kukereka humlaumu dereva, na wenye kupendezwa huisifu sabufa; sijapata kumsikia hata mmoja amtajaye seremala. Nakiri kuwa nami nilikuwa katika jamii hiyo ya walioghafilika, hata siku niliponunua sabufa ya inchi 12, nikailaza mezani ikiwa uchi, nikaiunganisha nyaya, nikafungulia taarabu kwa shauku ya mtu aliyetoa fedha nyingi, nikaambulia sauti kavu kama ya nzi ndani ya kopo. Kitu kile, chenye sumaku nzito ya kuvunja kidole, kilikuwa bubu kwa zile sauti nene nilizokinunulia.

Kiwambo cha spika kisukumapo hewa mbele, wakati ule ule huivuta nyuma; na katika sauti za chini, hewa iliyosukumwa huzunguka ukingo ikaenda kujaza pengo lililoachwa upande wa pili, upande mmoja ukitoa na mwingine ukitwaa kile kile, hata msikilizaji asisaziwe kitu. Zitenge pande hizo kwa ukuta usiopitisha hewa, na sauti itazaliwa. Ukuta huo ndio sanduku.

Basi nikajifanya fundi. Karatasi iliyokuja na spika ilitaka nafasi ya lita 40, nami nikakata mbao za MDF zenye unene wa milimita 18 kwa vipimo vya sentimeta 50 kwa 40 kwa 20, hesabu ambayo mwalimu yeyote angeitilia alama ya vema, nikagongomea misumari, nikafunika kwa zulia jeusi, nikajiona hodari. Sauti ilitoka, naam, lakini ilikuwa ikigumia mahali pamoja, kila wimbo ukawa na noti moja tu ya chini, kama mzungumzaji aliyekariri neno moja la hekima na kulitumia katika harusi na matanga. Nikalichukua sanduku langu mpaka Ngamiani, mjini Tanga, kwa seremala kijana ambaye riziki yake ya kila siku ni vitanda na makabati. Aliligonga kwa kifundo cha kidole, akachukua futi, akapima nje, akafungua spika akapima ndani, kisha akasema kwa adabu: “Mzee wangu, umepima kasha, hukupima hewa.”

Alikuwa amesema kweli. Ukiondoa unene wa mbao kila upande, sanduku langu lilibakiwa na lita 27 na kitu, na ndani ya hizo sumaku nayo ilikuwa imejitwalia sehemu yake. Hewa iliyobanwa kupita kiasi huwa ngumu, hukirudisha kiwambo kwa haraka kabla hakijamaliza safari yake ya chini, na matokeo yake ndiyo ule mgumio. Tangu siku hiyo nimeielewa vema hekima ya Edgar Villchur, yule Mmarekani ambaye mwaka 1954, pamoja na Henry Kloss, alianzisha kampuni ya Acoustic Research huko Cambridge, Massachusetts, akauza spika ambazo hewa iliyofungwa sandukuni ndiyo springi yake. Hewa, ambayo sisi huiita bure, ikawa kiungo cha mashine.

Nilikaa juu ya kigoda nikimtazama kijana akianza upya. Alijifunga kitambaa puani, maana vumbi la MDF ni baya kifuani; akakata, akahakikisha kila pembe kwa guni, akatoboa kwanza kwa keekee kila mahali pa skrubu, kwa kuwa ukingo wa mbao hizo hupasuka ukilazimishwa. Gundi aliipaka kwa ukarimu. “Skrubu zinashika tu,” alisema, “gundi ndiyo inayounga.” Kisha akapitisha silikoni katika kila mshono kwa ndani, akiikandamiza kwa kidole gumba polepole, na mwendo ule wa kidole ulinikumbusha mafundi wa majahazi wakitia kalafati, wakishindilia pamba baina ya mbao. Nilipomwambia, alicheka, akajibu kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya babu yake. Jahazi huzuia maji yasiingie; sanduku huzuia hewa isitoke; na mjukuu alikuwa akiirithi sanaa ile ile bila kwenda pwani.

Wako wapendao sanduku lenye tundu na bomba, ambalo huimba kama chupa ipulizwapo mdomoni, na daladala nyingi zenye makelele zina la namna hiyo. Silikatai, kwani likihesabiwa vizuri hutoa sauti kubwa zaidi kwa nguvu ile ile. Lakini atoboaye kwa kukisia hununua mingurumo. Mimi ni mtu wa sanduku lililofungwa. (Na fyuzi iwekwe karibu na betri, hilo si jambo la insha, ila gari lililoungua halina sabufa.)

Gundi ilipokauka siku ya pili, kijana aliwasha kijiti cha udi, akafungulia sauti ya chini isiyobadilika, akakitembeza kijiti kando ya kila mshono. Moshi ulipanda wima. Penye pembe moja ukatikisika kidogo. Akaipaka silikoni tena, akangoja, akarudia, moshi ukatulia. Ndipo alipotia wimbo, na mimi, niliyekuwa nimeketi hatua tatu mbali, nikaisikia besi ikipanda kutoka sakafuni kupitia miguu ya kigoda, kila noti na sura yake. Sauti ya mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi la urefu unaopita meta nane, refu kuliko gari langu lote, nalo lilikuwa likitoka katika sanduku ambalo mtu mmoja hulibeba kifuani.

Alinitoza bei ya meza ndogo. Sanduku limo katika buti ya gari hata leo, na gurudumu la akiba sasa hupanda kiti cha nyuma kama abiria.