Burashi na mkono wa mchoraji

Vijana wanaojifunza kuchora kwa rangi ya mafuta hupenda kuuliza: burashi ipi iliyo bora? Wengi wamekwisha kujijibu: ile ya bei kubwa, yenye nywele laini, iliyotoka Ulaya. Sisi hatukubali. Tena jibu hilo lawafanya wengine waache kazi kabla ya kuianza, maana fedha hawana.

Tutazame picha za kwetu Katanga. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyoitwa Le Hangar mjini Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Aliwapa wanafunzi vifaa, lakini hakutaka waige wachoraji wa Ulaya. Basi kila mmoja akafuata njia yake. Pilipili Mulongoy aliwazungushia samaki na ndege wake alama ndogondogo zisizohesabika; kazi hiyo yadai burashi nyembamba yenye ncha. Mwenze Kibwanga alipaka vistari vifupi vilivyokaa bega kwa bega, hata mwili wa mtu waonekana kama mkeka uliosukwa. Naye Bela, aliyetoka Chad, aliweka burashi kando, akapaka kwa ncha za vidole. Alama zake zafuatana kama nyayo, na wanyama wake wana mwendo. Pilipili ni fundi hodari, lakini pengine anaijaza picha mno, jicho likakosa pa kupumzika. Kwa Bela jicho halichoki. Nani atamwita duni kwa kukosa burashi? (Lakini msimwige ovyo: baadhi ya rangi za mafuta zina risasi, nayo ni sumu.)

Ubaya wa kuabudu burashi laini tumeuona makanisani. Kuna Njia ya Msalaba ambayo kope za Pilato zahesabika, lakini aliyekaa benchi la nyuma hamwoni Bwana akianguka. Mchoraji yule alihitaji burashi pana ya singa za nguruwe. Singa ni ngumu, ncha zake zimegawanyika, kwa hiyo zashika rangi nzito na kuisukuma mpaka mahali pake. Nywele laini zikitiwa katika rangi nzito hulala tu. Kazi yake ni rangi nyepesi na mistari myembamba, kama maandishi chini ya picha.

Kijana mwenye fedha kidogo anunue mbili za singa, moja pana na moja ya wastani, na moja ndogo laini. Kisha azitunze. Rangi ikikauka kwenye shina la nywele, burashi hupanuka kama ufagio wa zamani, wala haitarudi. Kila jioni aifute kwa kitambaa, aioshe kwa tapentaini, halafu kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, ainyoshe kwa vidole, ailaze ikauke. Asiisimamishe kichwa chini ndani ya kopo.