Barafu ya Weinberg, dhahabu ya mjomba

Kitabu cha Steven Weinberg juu ya dakika tatu za kwanza za ulimwengu, kilichotoka mwaka 1977, nimekisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye barafu. Weinberg, aliyegawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 na Abdus Salam wa Pakistani na Sheldon Glashow, anatueleza jambo zito: kwamba nguvu ya umeme na sumaku, na ile nguvu dhaifu inayoliwezesha jua kuwaka, zilikuwa jamii moja wakati wa joto kali la mwanzo. Ulimwengu ulipopoa zikaachana sura, mithili ya maji yanapoganda. Maji hayana upande. Barafu ina safu na pande zake.

Mfano huo unawafaa watu wa Makete, wanaoamka mwezi wa Juni wakakuta umande umeganda majanini. Kwetu Makongolosi barafu hutoka kwenye jokofu. Kwa hiyo nilipotaka kumweleza mjomba wangu, aliyekuwa akiwayeyushia dhahabu wachimbaji wadogo, niliiacha barafu nikashika kazi yake. Nikamwambia: dhahabu ikiwa uji ndani ya chungu haijui kaskazini wala kusini, ikishapoa chini ya nyuzi 1064, kila punje hujipanga kwa safu zinazoelekea upande fulani, na hakuna aliyeziamuru. Wanafizikia huita hali hiyo kuvunjika kwa ulinganifu.

“Kilichovunjika ni nini, mpwa wangu?” aliniuliza. “Mbona dhahabu ni ile ile?”

Sikuwa na jibu. Leo nasema mzee alilikamata kosa la wataalamu wenyewe, kwani neno hilo limechaguliwa vibaya. Kanuni haikuvunjika, imejificha. Chembe za W na Z, zinazobeba nguvu dhaifu, zilipatikana CERN mwaka 1983: W ina uzito wa protoni kama 86, Z kama 97, hali ndugu yao, chembe ya mwanga, haina uzito hata kidogo. Kwa macho hutasema ni ndugu. Lakini uzito huo ulikuwa umekadiriwa kabla hazijaonekana, kwa hesabu zilezile zinazoziunganisha. Kitu kilichovunjika hakitoi hesabu kama hiyo.

Kosa la pili ni la barafu yenyewe, na dhahabu yangu imo. Maji na dhahabu hugandia kwenye joto maalumu, ghafla. Mwaka 2012 chembe ya Higgs ilipopatikana, uzito wake ulikuwa kama wa protoni 133, na kwa uzito huo hesabu za kompyuta zinaonyesha kwamba ulimwengu haukuvuka mpaka wowote wa ghafla. Ulibadilika polepole, kama nta ya asali yetu ya Chunya inavyokaza, usiweze kusema ni saa ngapi imekuwa ngumu. (Nta nayo ni mfano tu, najua.) Weinberg hangeweza kuyajua hayo mwaka 1977, wala simlaumu.

Mwenye kukipata kitabu na akisome, ni kizuri. Ila akifika kwenye barafu, aandike pembeni kwa penseli: nta.