Asili ya Jina Norge

Norge, jina ambalo Wanorwei huiita nchi yao, ni neno ambatani lililochakaa hata viungo vyake havionekani tena. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba kiungo cha kwanza ni norðr, "kaskazini", na cha pili ni vegr, "njia": yaani njia ya bahari ipitayo kati ya visiwa na bara kuelekea kaskazini. Maelezo hayo yamepingwa, na hoja za wapinzani zastahili kupimwa.

Wao husema kwamba kiungo cha kwanza ni nór, "mlangobahari mwembamba". Ushahidi wao ni wa aina mbili. Jiwe la Jelling, lililochongwa Denmark yapata mwaka 965 kwa amri ya Mfalme Harald, laandika nuruiak, pasipo sauti ð. Kadhalika, vina vya washairi wa kale vyaelekea kudai o ndefu.

Ushahidi huo haulazimishi. Zikutanapo konsonanti tatu, r, ð na v, ile ya katikati ndiyo huelekea kupotea, na kupotea kwake kwaweza kurefusha vokali iliyotangulia. Tena Ottar, baharia wa Norwei aliyemsimulia Mfalme Alfred wa Wessex safari zake yapata mwaka 890, aliandikiwa Norðweg. Lakini shahidi huyu naye asitegemewe peke yake: mwandishi alikuwa Mwingereza, na yamkini aliliandika jina kwa kadiri alivyodhani maana yake.

Kinachoamua ni jamaa ya neno lenyewe. Kiskandinavia cha kale kilikuwa na Austrvegr, "njia ya mashariki", kwa nchi za Baltiki na Urusi, na Suðrvegar, "njia za kusini", kwa nchi za Wajerumani. Norðvegr yakamilisha safu hiyo. Nór huliacha jina pweke. Jina moja huweza kufasiriwa kwa namna nyingi; safu ya majina huzipunguza.

Msomaji wa Kiswahili hatastaajabu kuona njia ikawa nchi. Jina la lugha yetu latokana na Kiarabu sawāhil, wingi wa "pwani", nalo ni jina la watazamao nchi kutoka chomboni. Na tutamkapo Norwei, jina tulilolipata kwa Kiingereza, twaihifadhi ile "njia" kwa uwazi kuliko Wanorwei wasemao Norge.