Mtutu mmoja wa geji 12 na adapta zake

Bunduki ya kubebwa mgongoni kutwa hutakiwa iwe nyepesi, na bunduki ya kufyatuliwa hutakiwa iwe nzito. Shotgani za kukunjwa zinazobeba risasi moja tu kwa wakati mmoja, zile ambazo Wamarekani huzitia kwenye mkoba wa safari ya porini au nyuma ya kiti cha ndege ndogo kule Alaska, zimempendelea mbebaji. Zina mtutu laini, bawaba, nyundo ya kuvutwa kwa kidole gumba, na mara nyingi kitako cha vyuma vyembamba kisicho na nyama. Bunduki ya kawaida ya kuvunjwa hufunguka kiasi cha kutoa ganda ikakomea hapo. Hizi huendelea kuzunguka kwenye bawaba mpaka mtutu ulale sambamba na kitako. Urefu unaobaki hauzidi sana ule wa mtutu wenyewe, na mtutu hauwezi kufupishwa ovyo: tangu sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1934, shotgani yenye mtutu chini ya inchi 18, sentimita 46 hivi, inahesabiwa silaha ya kusajiliwa kwa utaratibu wa pekee.

Wazo hili lilipevuka jeshini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Jeshi la Anga la Marekani lilitaka silaha ya rubani aliyeangukia mahali pasipo na watu, nayo kampuni ya Ithaca ikatengeneza M6. Ilikuwa na mitutu miwili ya inchi 14 iliyopandana: wa juu wa .22 Hornet wenye mifereji ya ndani ya kuzungusha kichwa cha risasi, wa chini laini wa .410 kwa marisawa. Risasi za akiba zilikaa ndani ya kitako chenyewe. Badala ya kifyatuo cha kawaida iliwekwa bapa refu la kubana kwa vidole vyote, ili rubani mwenye glavu nene asihangaike. Risasi zote mbili za M6 zilikuwa ndogo, kwa hiyo chuma chepesi hakikulitesa bega.

Warithi wake wa leo wamekwenda kinyume. Chiappa, watengenezaji wa Brescia, Italia, walitoa M6 yao iitwayo X-Caliber: mtutu wa .22 na mwingine wa geji 12 wa inchi 18.5, bunduki nzima kilo 2.6 hivi, pamoja na adapta nane za kuingizwa katika mtutu mkubwa. Humo mna geji 20, .410 inayokubali pia .45 Colt, na risasi kadhaa za bastola kuanzia .380 na milimita 9 hadi .44 Magnum. Wako pia mafundi wa Marekani wanaouza adapta peke yake kwa mwenye shotgani yoyote ya kuvunjwa. Ahadi ni moja: bunduki moja, risasi yoyote utakayoikuta dukani. Katika uhaba wa risasi wa mwaka 2020 na 2021, rafu za Marekani zilipokaa tupu, ahadi hiyo ilivutia wengi.

Tuanze na bega, maana ndipo hesabu inapouma. Risasi ya geji 12 ya kuwindia ndege hubeba gramu 32 za marisawa zinazotoka kwa mita 365 kwa sekunde au karibu na hapo. Jumlisha kizibo cha plastiki na gesi ya baruti, kisha gawanya kwa uzito wa bunduki. Bunduki ya kilo 3.4 itarudi nyuma kwa mita 3.9 kwa sekunde, ikiwa na nishati ya jouli 26. Ya kilo 2.6 itarudi kwa mita 5.2, na nishati itapanda hadi jouli 35. Umepunguza chini ya robo ya uzito, ukaongeza theluthi ya pigo. Sababu ni kwamba nishati hufuata mraba wa kasi, na wanaotangaza wepesi hawana haraka ya kulisema hilo. Hapo bado hatujagusa risasi nzito za inchi 3, wala umbo la kitako: chuma chembamba hukusanya pigo mahali padogo, na kikiwa kimeshuka sana nyuma, mtutu huruka juu na shavu linapata sehemu yake.

Sasa tia adapta ya geji 20. Marisawa ni gramu 25, na adapta imeongeza uzito kidogo kwenye bunduki, tuseme gramu 200. Kwa kasi ileile, nishati begani inashuka hadi jouli 19. Kwa .410 yenye gramu 14 ni jouli 6, na kwa .22 bega halina cha kulalamikia. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi halisi ya adapta, na imekaa nyuma ya matangazo ya kaliba nane na kaliba kumi na mbili. Adapta humfanya mtu mwenye bunduki nyepesi afanye mazoezi ya kutosha bila kuanza kufumba macho kabla ya mlio.

Lakini kuna adapta na adapta. Fupi huishia pale chemba inapoishia. Ganda la .410 linakaa vizuri ndani yake, ila kizibo na marisawa vikitoka vinaingia katika mtutu wa geji 12, wenye milimita 18.5, wakati vimeumbwa kwa mtutu wa milimita 10.4. Kizibo hakizibi tena, gesi inakipita pembeni, kasi inapungua, na marisawa yanatawanyika mapema. Kwa chupa iliyo hatua kumi mbele hutaona tofauti, lakini kwa ndege aliye mita 25 utaiona. Wachezaji wa Marekani wa skeet (kulenga visahani vinavyorushwa hewani), ambao mashindano yao huchezwa kwa geji 12, 20, 28 na .410, walikwisha kulitatua jambo hili kwa mirija mirefu ya kufika karibu na mdomo wa mtutu. Briley wa Houston ni miongoni mwa majina makubwa katika kazi hiyo. Mrija kama huo unaongeza uzito wa kuhisika, jambo ambalo mchezaji wa skeet hulikubali kwa kuwa husaidia bunduki kwenda sawasawa na shabaha. Mwenye bunduki ya kukunjwa aliilipia iwe nyepesi, kwa hiyo hununua fupi. Geji 20 haiumii sana kama .410, kwa sababu milimita zake 15.6 haziko mbali sana na 18.5.

Risasi za bastola zina hesabu yake, na hapa ndipo watu wengi huogopa kitu kisicho cha kuogopwa wakaacha kinachostahili. Viwango vya watengenezaji wa Marekani vinaruhusu shinikizo la ratili 11,500 kwa inchi ya mraba katika geji 12 ya kawaida, na ratili 35,000 kwa milimita 9 au .357 Magnum. Mara tatu! Mtu atauliza inakuwaje bunduki isipasuke. Kwanza, shinikizo hilo halifiki kwenye mtutu wa shotgani. Chemba ya geji 12 ina upana wa milimita 20 na ushei, ganda la milimita 9 halifiki hata nusu yake, kwa hiyo adapta imebaki na ukuta wa chuma wa karibu milimita 5 kuzunguka pande zote, nao ndio unaobeba mzigo. Pili, bawaba na kifungio havijali shinikizo peke yake. Vinajali shinikizo mara eneo la kitako cha ganda. Geji 12 ina shinikizo dogo juu ya eneo kubwa, ikisukuma nyuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani mbili na kidogo. Milimita 9 ina shinikizo kubwa juu ya eneo dogo, na kwa makadirio yangu inafika tani moja na nusu. .22 haifiki hata nusu tani. .44 Magnum ndiyo inayoipita geji 12 yenyewe kidogo, na huo ndio mpaka ninaousema: mtu asiipige kwenye bunduki ambayo mtengenezaji wake hakuitaja kwa jina. Shotgani kuukuu yenye bawaba iliyolegea haitageuka kuwa imara kwa sababu ya bomba la chuma lililonunuliwa kwa posta.

Msomaji wa kwetu atakumbuka gobore, nalo hula chochote: misumari, vipande vya nondo, goroli za baiskeli. Katika gobore shinikizo huamuliwa na mkono wa anayeshindilia baruti, na ukuta unaolibeba ni bomba lilelile ambalo huenda lilianza maisha likipitisha maji. Adapta iliyotengenezwa vizuri huongeza chuma mahali pale pale shinikizo linapoongezeka.

Shabaha ndiyo inayonikatisha tamaa. Adapta yenye mifereji ina uwezo wa kurusha kichwa cha risasi kikiwa kinazunguka barabara, ila inakaa ndani ya mtutu mwingine, imeshikwa na pete za mpira au kwa kubanana tu. Mhimili wake ukipinda kwa sehemu moja ya kumi ya milimita katika urefu wa sentimita 20, risasi itakuwa imepotoka sentimita moja na robo katika mita 25, na mara mbili yake katika mita 50. Si balaa. Balaa ni kwamba ukiitoa na kuirudisha imezunguka nusu, upotofu unahamia upande wa pili. Adapta nzuri hupigwa alama kwenye ukingo, na alama hiyo hukaa juu kila mara. Isiyo na alama, mwenyewe huikwaruza yake. Halafu kila kaliba ina mahali pake pa kugonga, wakati kishanga cha mdomoni mwa mtutu ni kimoja na hakisogei. X-Caliber walau ina nyenzo za shabaha za kurekebishwa, lakini nani atazirekebisha upya kila anapobadilisha adapta?

Adapta ya .22 inanifurahisha kwa ufundi wake. Risasi ya .22 ya kawaida haina fataki katikati; kemikali yake imo ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya shotgani hugonga katikati. Mafundi wakasogeza tundu zima la adapta pembeni, milimita chache, ili ukingo wa ganda ukae mbele ya pini. Mtutu mdogo ndani ya mkubwa unakuwa si wa katikati, na bado shabaha haiharibiki maadamu mihimili miwili iko sambamba. Kinyume chake ni .410 iliyounganishwa na .45 Colt. Kichwa cha .45 ni kinene kuliko tundu la .410, kwa hiyo adapta hupanuliwa na kuchorwa mifereji kwa ajili ya .45. Marisawa ya .410 yakipita humo yanazungushwa pia, yanatoka yakikimbilia nje, na karatasi ya shabaha inaonyesha pete yenye katikati tupu. Kanga wa mwitu anaweza kukaa katikati ya pete hiyo bila kupoteza unyoya.

Kupiga kwenyewe kunakwenda polepole. Ganda la geji 12 lina ukingo mnene ambao kitoaganda cha bunduki huukamata. Adapta inakamatwa hivyohivyo, ikatoka nzima na ganda dogo likiwa bado ndani. Maganda yenye ukingo, kama .38 na .45 Colt, hung'olewa kwa ukucha. Ya milimita 9 hayana ukingo wa kushika na yanahitaji kijiti cha kusukumia. Adapta ikipata moto na masizi hunata kwenye chemba, kwa hiyo watu wazoefu hufuta zote mbili mara kwa mara, na huanza siku na risasi hafifu kuelekea nzito, huku wakiangalia ndani ya mtutu kila baada ya mlio uliosikika dhaifu. Kichwa cha risasi kilichokwama hakipigi kelele.

Lakini hatari kubwa kuliko zote haihusu bastola, inahusu geji 20. Risasi yake ikiingizwa kwenye chemba ya geji 12 bila adapta haikai. Inateleza mbele na kunasa mwanzoni mwa mtutu, mahali ambapo jicho lenye haraka linaona chemba tupu. Nafasi inabaki ya kutosha kuweka risasi ya geji 12 nyuma yake. Ukifyatua, mtutu unapasuka mbele kidogo ya chemba, pale mkono wa kushoto unaposhika. Kwa sababu hiyo Wamarekani hutengeneza maganda ya geji 20 kwa rangi ya njano peke yake. Adapta inamfanya mtu abebe za njano na za geji 12 katika mfuko mmoja, akizibadilisha jioni, vidole vikiwa na baridi.

Anayetumia adapta ya geji 20 basi aziache zile za 12 nyumbani siku hiyo. Hapo utauliza kwa nini asinunue bunduki ya geji 20 tangu mwanzo, ambayo kwa kawaida ni nyepesi zaidi, rahisi kubeba, na haihitaji bomba la ziada. Kwa mwindaji wa ndege nadhani ndivyo afanye. Anayebakiwa na sababu ya adapta ni yule anayekaa mbali, ambaye duka lake moja la karibu lina geji 12 msimu wote na .22 mara kwa mara, na risasi nyingine zikitokea. Huyo anahitaji adapta mbili za marisawa, na zile sita za bastola zinaweza kubaki kwenye kijaluba chake.