Tuta la Mawe Chini ya Bahari

Bomba la gesi la Langeled lina urefu wa kilomita 1,166. Linaanzia Nyhamna, Norwei, linakatiza Bahari ya Kaskazini na kuibukia Easington, Uingereza. Maji hayo yamewapa wavuvi riziki tangu enzi na enzi. Meli zao hukokota nyavu kwenye sakafu ya bahari, na mdomo wa wavu hupanuliwa na milango miwili ya chuma ambayo, katika meli kubwa, kila mmoja una uzito wa tani kadhaa. Bomba haliwezi kukwepa, na mvuvi hawezi kuliona. Mafundi wanaowaepusha wasigongane nawastahi kuliko wajenzi wengi ambao kazi zao tunazipigia picha nchi kavu.

Kazi yao huanza mbali na maji. Kila kipande cha bomba huvikwa zege lililotiwa wavu wa waya, unene wa sentimita kadhaa. Bomba lililojaa gesi ni jepesi, lisipolemewa litaelea. Zege hulikalisha chini, na hilohilo hupokea kipigo cha mlango wa wavu kabla hakijafika kwenye chuma. Penye mchanga au udongo laini hushushwa plau ambayo uzito wake huweza kupita tani 100. Husimama juu ya bomba, miguu huku na huku, hulinyanyua kwa magurudumu, huchimba mtaro chini yake na kulilaza humo taratibu huku meli ikiivuta.

Penye mwamba hapachimbiki. Hapo ndipo unapoingia ufundi ninaoupenda zaidi, wa kumwaga mawe.

Anayedhani ni kubwaga shehena baharini na afikirie maji yenye kina cha mita 300, mkondo unaosukuma, na shabaha yenye kipenyo cha mita moja hivi. Mawe yakiachiwa juu yatatawanyika kabla ya kufika. Kwa hiyo meli hushusha mrija mrefu hadi karibu na sakafu, na ncha yake huongozwa na roboti yenye kamera na vipimo vya sauti. Mawe hupita humo. Meli yenyewe haitii nanga. Kompyuta huzirekebisha panga boi zake bila kukoma ili ibaki juu ya mstari, hata upepo ukibadilika, nayo husogea polepole huku tuta likirefuka nyuma yake.

Busara yote imo katika kuchagua. Mawe madogo mno huchukuliwa na mkondo. Makubwa mno huumiza koti la zege yanapoliangukia. Ndiyo maana mara nyingi hutangulizwa tabaka la kokoto, ndipo mawe makubwa yafuate. Mbavu za tuta nazo zina kipimo: zikisimama sana, zana za mvuvi zitanasa, zikilala sana, mawe yanapotea bure. Aghalabu hushuka mita 1 kwa kila mita 3 za upana. Hata jiwe lililobaki pembeni bila kushikamana ni kosa, maana litaingia wavuni na kuponda samaki.

Tuta likikamilika, roboti hupita tena kulipima. Mara nyingine hukodiwa meli ya uvuvi, ikakokota wavu juu yake, ikaenda na kurudi, hadi ithibitike kwamba unapita bila kukwama. Mtihani huo ni wa haki kabisa, kwa sababu mtahini ni mvuvi mwenyewe.

Uangalifu huu haukuja bure. Machi 1997 meli ya uvuvi ya Uskoti, Westhaven, ilinasa kwenye bomba la Bahari ya Kaskazini ikazama, na watu wote wanne waliokuwamo walikufa. Leo manahodha wa huko wana kifaa kinachowaonyesha mabomba yalipo na kulia meli inapokaribia hatari.

Nanga ya meli kubwa ni mambo mengine. Oktoba 2023 nanga iliyoburutwa ilipasua bomba la Balticconnector, kati ya Ufini na Estonia, na gesi haikupita tena hadi Aprili 2024. Tuta la kawaida haliwezi kuzuia uzito wa namna hiyo ukivutwa na meli ya mizigo. Hapo kinga iliyobaki ni nahodha aliye macho.

Kwetu Tanzania, gesi ya Songo Songo hupita katika bomba la inchi 12, kilomita 25 hivi chini ya bahari, hadi Somanga, na imekuwa ikiendesha mitambo ya umeme tangu 2004. Wavuvi wa Kilwa huyapita maji hayo kwa ngalawa na mashua, na wanayajua mwamba kwa mwamba. Mabomba mengine yakija kutandikwa pwani hii, wahandisi wetu na wakae na wavuvi hao kabla mstari haujachorwa kwenye ramani, na wao ndio wapewe kusema kama kazi imekamilika.