Sekunde 43 zilizozaa saa 24: nani aliiambia seva ihame?

Karibu kila aliyesoma somo la hifadhidata amekutana na swali hili la mtihani: chora mfumo usiozimika. Jibu linalopata maksi zote ni maboksi mawili na mshale. Boksi moja ni seva kuu, la pili ni seva ya akiba, na mshale unaonyesha data ikinakiliwa kutoka huku kwenda kule. Seva kuu ikifa, ya akiba inashika kazi. Yaani kama jenereta: umeme unakatika, jenereta inaunguruma, taa zinawaka, maisha yanaendelea.

Mimi nadhani jibu hilo linapotosha. Ushahidi wangu ni ripoti ambayo GitHub, ghala la mtandaoni ambako watengeneza programu wa dunia nzima huweka kazi zao, iliitoa kuhusu tukio la tarehe 21 Oktoba 2018. Ni moja ya ripoti bora za aina yake nilizowahi kusoma. Ina kasoro pia, na kasoro zake zinafundisha karibu sawa na uzuri wake.

Kilichotokea ni hiki. Mafundi walikuwa wanabadilisha kifaa cha mtandao wa nyuzi za mwanga kilichoanza kuchoka, upande wa mashariki mwa Marekani. Mawasiliano kati ya kitovu cha mtandao na kituo kikuu cha data yakakatika, kisha yakarudi baada ya sekunde 43. Sekunde 43! Hapo hata chai haijapoa. Lakini huduma ilikaa ikisuasua kwa saa 24 na dakika 11.

Inakuwaje? GitHub ilikuwa inahifadhi taarifa zake kwenye MySQL, na juu yake kulikuwa na programu iitwayo Orchestrator. Kazi yake ni kuangalia nani seva kuu, na ikibidi kuipandisha cheo seva nyingine bila kumsubiri mtu. Nodi za Orchestrator zilikaa sehemu tatu: kituo cha data cha mashariki, wingu la umma hukohuko mashariki, na kituo cha magharibi. Zinaamua kwa kura, kwa utaratibu unaoitwa Raft, na uamuzi haupiti mpaka akidi itimie. Kituo cha mashariki kilipokatika, wenzake wawili wakawa ndio wengi. Akidi ikatimia, na seva za magharibi zikapewa ukuu.

Mpaka hapo kila kitu kimekwenda kwa mujibu wa katiba. Sasa fikiria kikoba. Wajumbe wamekutana, ila mtunza daftari amekwama nje, geti limefungwa na simu yake haipatikani. Waliopo wanatosha, basi wanamchagua mwingine na kumpa nakala ya daftari. Uchaguzi ni halali kabisa. Kumbe huko nje mtunza daftari wa zamani bado alikuwa anapokea hela na kuandika. Geti linafunguliwa, na sasa kuna madaftari mawili, kila moja lina mistari ambayo mwenzake hana. Utachana lipi?

Ndicho kilichowapata GitHub. Seva za mashariki zilikuwa na maandishi ya muda mfupi ambayo hayajafika magharibi. Kwenye moja ya klasta zao zenye shughuli nyingi, maandishi hayo yalikuwa 954 tu. Lakini wakati wahandisi wanatafuta kujua nini kimetokea, magharibi ilishapokea maandishi ya dakika kama 40. Kurudi mashariki hivihivi kungekuwa kutupa kazi za watu za dakika 40. Kubaki magharibi nako kulikuwa na adhabu yake, kwa sababu programu zilizokuwa mashariki zilijengwa zikitegemea seva ya jirani. Kila ombi lilipolazimika kuvuka Marekani nzima kwenda na kurudi, zilishindwa kuhimili ule ucheleweshaji.

Hapa ndipo mfano wa jenereta unapovunjika. Jenereta haihitaji kukumbuka umeme wa gridi ulifanya nini jana. Hifadhidata kazi yake yote ni kukumbuka. Ukiihamisha, unachagua kumbukumbu ipi iwe ya kweli, na uchaguzi huo ukiufanya vibaya haufutiki kwa kuzungusha swichi.

Sasa tuipime ripoti yenyewe. Sifa yake kubwa ni kwamba inasema wazi walichagua nini na kwa gharama gani. Walichagua data iwe salama kuliko huduma irudi haraka, hata wakasimamisha kwa makusudi baadhi ya kazi, kama ujenzi wa kurasa za tovuti. Chelezo zao zilikuwa zinachukuliwa kila baada ya saa nne, lakini ukubwa wake ulikuwa terabaiti kadhaa, na kuzirudisha tu kulikula masaa. Kazi zilizorundikana zilifika taarifa zaidi ya milioni 5 za kupelekwa kwenye mifumo mingine, na kurasa 80,000 za kujengwa. Wakakiri pia kwamba taarifa kama 200,000 zilipitiliza muda wake wakati wa kuzichakata zikadondoshwa. Kampuni ngapi zingekaa kimya hapo?

Kasoro ya kwanza ni mpangilio wa lawama. Ripoti inakiri kwamba Orchestrator ilifanya kama ilivyoelekezwa, na kwamba inaweza kusimika mpangilio ambao programu nyingine haziwezi kuuhimili. Jambo hilo linapita kama maelezo ya pembeni, wakati kwangu ndilo tukio zima. Kifaa cha nyuzi kilikuwa kiberiti tu. Petroli ilimwagwa siku mtu alipoiruhusu programu kuhamisha ukuu kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine bila kumuuliza binadamu.

Kasoro ya pili iko kwenye dawa. Miongoni mwa hatua walizotangaza ni kuizuia Orchestrator isipandishe seva cheo kuvuka mipaka ya kanda. Nakubaliana nao asilimia mia. Ila maana yake ni kwamba siku mashariki yote ikizima kweli, uamuzi umerudi kwa mtu. Mtu gani? Anaangalia nini kabla ya kuamua? Anaruhusiwa kupoteza maandishi ya dakika ngapi? Ningependa ripoti ikae hapo kurasa mbili zaidi. Lengo la muda mrefu la vituo vingi kufanya kazi kwa pamoja ni zuri, lakini siku ya ajali halijibu simu.

Siandiki haya kama mtu safi. Kabla ya kurudi shule nilifanya kazi ofisi moja yenye majengo mawili, seva moja kila jengo, kila moja ikichungulia mwenzake. Mimi ndiye niliyeweka programu ya kuhamisha ukuu yenyewe, na nilijisikia bingwa. Siku moja waya kati ya majengo ukakatwa na wachimba mtaro. Kila seva ikaamini mwenzake amekufa, kila moja ikajitangaza kuu. Jioni tulikuwa na stakabadhi zenye namba ileile kwa watu wawili tofauti. Tulikaa siku tatu na karatasi na kalamu, tukiwapigia watu simu kuwauliza walilipa lini. Kuzimika kwa nusu saa kungekuwa nafuu mara mia.

Kosa langu lilikuwa la hesabu ya darasa la tatu. Wengi wa wawili ni wawili, kwa hiyo seva mbili zikitengana hakuna yenye haki ya kuamua. Zikiwa tatu, wengi ni wawili, zikiwa tano ni watatu. Lakini GitHub walikuwa na akidi na bado waliumia. Akidi inakuambia nani ana haki ya kuamua, haikuambii kama uamuzi wenyewe una busara.

Kwa hiyo nikiulizwa leo nichague njia ipi, nauliza kwanza: tunaweza kupoteza nini? Kama hakuna mstari hata mmoja unaoruhusiwa kupotea, basi seva kuu isubiri nakala ithibitishe kabla ya kumwambia mteja "tayari". Gharama yake ni kasi, na nakala ikiugua, uandishi unaweza kusimama. Ndani ya jengo moja au kanda moja, uhamisho wa wenyewe kwa akidi ni sawa, mradi seva ya zamani inafungiwa kwanza isiendelee kuandika. Kuvuka kanda, mpigie mtu simu. Atachelewa dakika kumi, sawa. Programu ya GitHub haikuchelewa.

Na wewe mwenye mtihani wiki ijayo, chora maboksi yako na mshale, chukua maksi. Halafu pembeni andika kwa kalamu nyekundu: mshale ukikatika, nani ana daftari?